Namna ya Kuchagua na Kutumia Nyongeza za Lishe kwa Nyati wa Maziwa

Nyati anayezungumzwa hapa ni yule wa kufugwa, ambaye wengi humwita nyati-maji, hasa wa koo za maziwa kama Murrah na Nili-Ravi, wala si mbogo wa porini. Kosa la kwanza la wafugaji wengi ni kumlisha kana kwamba ni ng'ombe mweusi. Ni kweli kwamba hucheua kama ng'ombe na hula majani yale yale, lakini maziwa yake ni mazito zaidi, joto lake la kupandwa hujificha, na mimba yake huchukua siku zipatazo 310 badala ya 280 za ng'ombe. Mfugaji asiyezijua tofauti hizi hununua madini, mafuta na unga wa kila namna, kisha hushangaa kwamba maziwa hayakuongezeka na mimba hazikushika. Nyongeza ya lishe huziba pengo. Pale pasipo na pengo haina kazi ya kufanya, na pale palipo na pengo tofauti na lile inaloliziba, ni fedha iliyomwagwa horini.

Tuanze na uzito wa maziwa yenyewe. Maziwa ya nyati huwa na mafuta ya asilimia 6 hadi 8, ilhali ya ng'ombe wengi ni kama asilimia 4 au pungufu. Wataalamu wa lishe huyalinganisha kwa kuyageuza yote yawe kana kwamba yana mafuta ya asilimia 4: kilo za maziwa huzidishwa kwa 0.4, kisha hujumlishwa na kilo za mafuta yaliyomo zilizozidishwa kwa 15. Nyati anayetoa kilo 10 zenye mafuta ya asilimia 7 ana kilo 0.7 za mafuta. Kwa hiyo hesabu yake ni 4 na 10.5, jumla 14.5. Maana yake ni kwamba nyati huyo ametumia nishati sawa na ng'ombe aliyetoa kilo 14.5. Ndiyo sababu kanuni ya kawaida humpa nyati kilo 1 ya chakula cha kutia nguvu, yaani mchanganyiko wa nafaka, pumba na mashudu, kwa kila kilo 2 za maziwa, juu ya kilo 1 au 2 za kuutunza mwili wake, na kanuni hiyo hupunguzwa pale majani mabichi yanapokuwa mengi na bora. Anayetazama ndoo peke yake ataona kilo 10 na atampa nyati chakula cha mnyama wa kilo 10.

Upungufu huo hauonekani kwanza kwenye ndoo. Baada ya kuzaa, mwili hupeleka nishati kwenye uhai na kwenye kiwele kabla ya kuikumbuka ovari. Nyati hukonda huku akiendelea kukamuliwa, na ovari hunyamaza. Kwa kuwa hata nyati mwenye afya njema huwa na joto la kimya, yaani haonyeshi kwa nguvu dalili za kupandana kama ng'ombe wanavyofanya, mfugaji huweza kupoteza miezi kadhaa akidhani kwamba hajaliona joto, kumbe halipo. Ili nyati azae kila baada ya miezi 13 au 14, hana budi kushika mimba kati ya siku ya 85 na ya 115 hivi baada ya kuzaa, na muda huo ni mfupi kwa mnyama aliyeanza safari akiwa na njaa.

Kabla ya kununua chochote

Pima kile ambacho nyati anakula kweli kwa siku tatu mfululizo, ukiondoa mabaki ya horini. Mnyama anayekamuliwa huhitaji chakula chenye uzito mkavu, yaani uzito bila maji yaliyomo, wa takriban asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wa mwili wake. Usipokuwa na mizani kubwa, kadiria uzito wa mwili kwa utepe: pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, pima urefu kuanzia ncha ya bega hadi mfupa wa kalio, zote kwa sentimita; zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, na ugawanye kwa 10,840. Nyati mwenye mzunguko wa sentimita 200 na urefu wa 145 ana kilo kama 535, na hivyo anahitaji kilo 13 hadi 16 za uzito mkavu kwa siku. Sasa fikiria kwamba majani mabichi yana maji mengi kiasi kwamba kilo 40 za majani huweza kubakisha kilo 8 tu za uzito mkavu. Mara nyingi pengo la kwanza huonekana hapo hapo, na hakuna nyongeza ya kifukoni inayoweza kuliziba.

Yatazame pia mambo matatu ambayo huvunja kazi ya kila nyongeza. La kwanza ni maji, kwani zaidi ya asilimia 80 ya maziwa hayo mazito bado ni maji, na nyati anayenyweshwa mara mbili kwa siku hawezi kutoa sawa na yule mwenye maji mbele yake muda wote. La pili ni joto la hewa: ngozi yake nyeusi hufyonza jua na tezi zake za jasho ni chache, kwa hiyo asipopata kivuli, dimbwi la kugaagaa au maji ya kumwagiwa, hupunguza kula, na dalili zake za kupandwa huzidi kufifia. Katika majira ya joto, chakula kingi apewe alfajiri na usiku. La tatu ni minyoo bapa ya ini, ambayo humpata kwa urahisi kwa sababu hupenda maeneo ya maji yaliyosimama. Ini lililoharibika haliwezi kuitumia vizuri lishe yoyote. Daktari wa mifugo apime kinyesi kwanza.

Nishati na mafuta yaliyokingwa

Pengo kubwa la nishati ni la wiki za mwanzo baada ya kuzaa, wakati maziwa yanapanda haraka kuliko hamu ya kula. Kuongeza nafaka ghafla wakati huo huleta uchachu katika tumbo la kwanza, mafuta ya maziwa hushuka, na nyati huacha kula. Chakula cha kutia nguvu kiongezwe polepole kuanzia wiki 2 au 3 kabla ya kuzaa, ili vijidudu vya tumboni vizoee.

Mafuta ya kawaida hayafai kumwagwa horini kwa wingi, kwa sababu hufunika nyuzi za majani na huwadhuru vijidudu wanaozimeng'enya. Kwa ajili hiyo yametengenezwa mafuta yaliyokingwa, ambayo kwa kawaida ni asidi za mafuta ya mawese zilizofungamanishwa na kalsiamu, zinazopita tumbo la kwanza bila kubadilika na kumeng'enywa mbele zaidi. Kiasi kinachotumika ni gramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya maziwa, yaani kama gramu 100 hadi 150 kwa nyati anayetoa kilo 10, kuanzia takriban siku 10 kabla ya kuzaa hadi siku 90 baada yake. Harufu yake huwachukiza baadhi ya wanyama. Anza na gramu 30 au 40 zilizochanganywa na chakula anachokipenda, na uongeze kidogo kidogo. Jumla ya mafuta yote katika mlo isizidi asilimia 6 au 7 ya uzito mkavu, na mashudu yenye mafuta mengi yahesabiwe humo. Kwa maoni yangu, hii ndiyo nyongeza inayostahili zaidi gharama yake kwa nyati mwenye maziwa mengi, na ndiyo inayopotezwa zaidi inapopewa nyati anayekaribia kukauka, yaani kuacha kutoa maziwa, au aliyekwisha kunenepa.

Protini na yurea

Nyati anasifika kwa kuyatumia vizuri majani duni, lakini wanaofanya kazi hiyo ni vijidudu wa tumbo la kwanza, nao huhitaji protini. Majani makavu ya mpunga au ya ngano yana protini ya asilimia 3 au 4 tu. Njia nafuu ya kuyaboresha ni kuyatibu kwa yurea: kwa kila kilo 100 za majani makavu, kilo 4 za yurea huyeyushwa vizuri katika lita 50 hivi za maji, maji hayo hunyunyizwa sawasawa tabaka kwa tabaka, kisha rundo hushindiliwa na kufunikwa kwa turubai la plastiki lisilopitisha hewa kwa siku 21. Baada ya hapo majani ya siku hutolewa na kuachwa wazi kwa saa kadhaa ili harufu kali ya amonia itoke. Yurea ni sumu ikitumiwa vibaya: haifai kwa ndama wa chini ya miezi 6 wala kwa farasi na punda, haifai kunyweshwa ikiwa imeyeyushwa kwenye maji, na haifai kupewa mnyama ambaye hakuizoea au aliyeshinda na njaa. Ukiona nyati aliyetoka kuila anatetemeka, anatoa mate mengi na tumbo limejaa, ni dharura ya daktari, na wakati mnamsubiri siki iliyochanganywa na maji hupunguza ukali wa sumu, mradi mnyama bado anaweza kumeza.

Kwa nyati mwenye maziwa mengi, protini ya vijidudu peke yake haitoshi, naye hunufaika na protini inayopita tumbo la kwanza bila kuvunjwa. Mashudu ya karanga na ya haradali huvunjwa haraka. Ya pamba na ya nazi, pamoja na gluteni ya mahindi, huvunjwa polepole zaidi. Viwanda huyakinga mashudu kwa joto au kwa kemikali, na kazi ya kemikali isijaribiwe nyumbani. Protini ikizidi nishati, ziada hugeuka yurea katika damu, na yurea nyingi hubadilisha hali ya mji wa mimba na kupunguza uwezekano wa kiinitete kuishi. Kwa hiyo kuongeza mashudu bila kuongeza wanga huweza kupandisha maziwa kidogo huku kukishusha uzazi, jambo ambalo mfugaji hulitambua kwa kuchelewa sana.

Mashudu na nafaka zenye ukungu zitupwe. Sumukuvu iliyomo huharibu ini, hupunguza kinga, na sehemu yake hutoka kwenye maziwa yanayonywewa na watoto. Kuchemsha maziwa hakuiondoi. Majani ya mpunga yenye ukungu yana hatari ya pekee kwa nyati: huko India na Pakistani yamehusishwa na ugonjwa wa Degnala, ambao hukausha na kuozesha ncha za mkia, masikio na miguu.

Madini

Hapa ndipo wengi huanzia, na hapa pia ndipo wengi hukosea, kwa sababu huchukua mfuko wowote ulioandikwa madini. Jiwe la chumvi la kulamba, kwa mfano, linaweza kuwa na sodiamu na klorini pekee. Soma lebo: utafute kalsiamu, fosforasi, magneziamu, salfa, zinki, shaba, manganizi, madini joto, kobalti na seleniamu, na kiwango cha kila moja kiwe kimetajwa. Nyati aliyekauka na mtamba mkubwa hutosheka na gramu 50 hivi kwa siku; anayekamuliwa hupewa gramu 100 au zaidi kulingana na maziwa na maelekezo ya mtengenezaji. Yachanganywe ndani ya chakula cha kutia nguvu, wala yasiachwe kwenye chombo akalambe apendavyo, kwa sababu wanyama hawajui kupima mahitaji yao ya madini isipokuwa kwa kiasi fulani chumvi. Gramu 30 za chumvi ya kawaida huongezwa kando kama haimo.

Kalsiamu na fosforasi ndizo za kupima kwa makini zaidi, na kipimo hutegemea kile kilichomo horini tayari. Majani ya jamii ya kunde, kama lusini na basimu, yana kalsiamu nyingi na fosforasi kidogo; pumba za ngano na za mpunga ni kinyume chake. Anayelisha pumba nyingi na majani makavu anahitaji kalsiamu, na chokaa ya mifugo huweza kumtosha. Anayelisha lusini au basimu kwa wingi bila pumba anahitaji fosforasi, na hapo chokaa huzidisha ubaya. Mlo wenye uwiano wa kalsiamu mbili kwa fosforasi moja, au karibu na hapo, ni salama.

Ukosefu wa fosforasi una sura mbili kwa nyati. Ile ya polepole ni joto lisiloonekana, mnyama anayetafuna mifupa, nguo na udongo, na mimba zinazochelewa. Ile ya ghafla huwapata nyati wenye maziwa mengi mwishoni mwa mimba au katika wiki za kwanza baada ya kuzaa: chembe nyekundu za damu hupasuka, na mkojo huwa mwekundu hadi rangi ya kahawa. Nyati anayekojoa hivyo huweza kufa ndani ya siku chache. Asisubiriwe wala asijaribiwe dawa za kienyeji. Daktari humchoma fosforasi kwenye mshipa, na pia huchunguza kupe na magonjwa mengine yenye dalili hiyo hiyo. Baada ya kupona, mlo wa wenzake wote ukaguliwe, maana wanakula chakula kile kile.

Miongoni mwa madini yanayohitajika kwa uchache, shaba na zinki ndizo ninazozitilia mkazo. Shaba ikipungua, joto huzidi kuwa la kimya na manyoya hupauka. Zinki ikipungua, kwato na ngozi hudhoofika na kiwele hushindwa kujikinga. Udongo wenye molibdenamu nyingi huizuia shaba iliyomo kwenye majani isitumike mwilini, na ndiyo sababu nyati wawili wanaokula mlo unaofanana katika maeneo mawili huweza kuwa na hali tofauti. Madini joto hulinda tezi ya shingo na uhai wa ndama aliye tumboni. Seleniamu hufanya kazi pamoja na vitamini E kuzuia kondo la nyuma kubaki, lakini tofauti kati ya kiasi kinachofaa na kile kinachoua ni ndogo; usitumie bidhaa mbili zenye seleniamu kwa pamoja, wala usiongeze sindano juu ya unga bila daktari kukokotoa jumla.

Vitamini A huja yenyewe pale majani mabichi yanapopatikana. Tatizo ni miezi ya ukame, nyati anapolishwa majani makavu pekee. Yeye huigeuza karotini, yaani rangi ya manjano iliyomo kwenye majani, karibu yote kuwa vitamini A, na ndiyo maana maziwa yake ni meupe pe. Kwa hiyo rangi ya maziwa haiwezi kukuonya kama inavyoonya kwa ng'ombe, ambaye unjano wa mafuta yake hupungua. Kilo chache za majani mabichi kila siku hutosha. Yasipopatikana, tumia mchanganyiko wenye vitamini A, D na E, hasa katika miezi 2 ya mwisho ya mimba.

Miezi miwili ya mwisho

Ningeambiwa nichague kipindi kimoja cha kutumia fedha ya nyongeza, ningechagua hiki, ambacho kwa bahati mbaya ndicho ambacho nyati huachiwa mabaki, kwa sababu hakamuliwi. Ndama hukua zaidi wakati huu, kiwele hujijenga upya, na akiba ya mwili inayotumika baadaye hupatikana sasa. Kwenye kipimo cha unene wa mwili cha 1 hadi 5, azae akiwa na alama 3 hadi 3.5: mbavu zisionekane kwa macho lakini zishikike kwa mkono. Aliyenenepa kupita hapo hula kidogo baada ya kuzaa na ini lake hulemewa na mafuta. Katika wiki 3 za mwisho punguza lusini na usiongeze chokaa, kwani mwili uliozoea kalsiamu nyingi horini husahau kuitoa kwenye mifupa, na homa ya maziwa humkuta siku ya kuzaa. Mara azaapo, kalsiamu irudishwe.

Mtamba naye asisahauliwe. Hubalehe kwa uzito kuliko kwa umri, akifikia takriban asilimia 60 ya uzito wa nyati mkubwa. Protini, madini na dawa ya minyoo kwa mtamba hupunguza miaka ya kusubiri maziwa ya kwanza.

Nyongeza nyingine ni za nafasi ndogo. Hamira hai na soda ya kuokea husaidia pale chakula cha nafaka kinapokuwa kingi. Uwatu na mitishamba mingine hutumika sana kuchochea maziwa, lakini isichukue nafasi ya chakula. Sindano ya oksitosini, homoni ya kuachilia maziwa, inayopigwa kila mkamuo siyo nyongeza ya lishe hata kidogo. Karibu maziwa yote ya nyati hubaki juu kwenye vifuko vidogo vya kiwele hadi atakapoyaachia, na huyaachia kwa utulivu, kwa ndama aliye karibu na kwa kukandwa kiwele. Mnyama aliyezoeshwa sindano husahau kuyaachia mwenyewe.

Kupima kama imefanya kazi

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike maziwa ya kila siku, mafuta yake kila unapoweza kuyapima, alama ya mwili kila mwezi, na tarehe za joto na za kupandisha. Badiliko la mlo likigusa maziwa, huonekana ndani ya wiki 2 hivi. Uzazi huchelewa zaidi, kwa sababu yai linalotoka leo lilianza kukua wiki nyingi zilizopita, na lishe ya siku zile ndiyo inayolihukumu.

Jihadhari na sifa zisizostahili. Maziwa hupanda yenyewe hadi wiki ya 6 au ya 8 baada ya kuzaa, kwa hiyo unga ulioanzishwa wiki ya 3 utaonekana umeleta maajabu. Vivyo hivyo, katika nchi zilizo mbali na ikweta nyati huwa wepesi kushika mimba siku zinapofupika, na kila nyongeza iliyonunuliwa mwishoni mwa kiangazi hupata jina zuri. Waachie nyati wawili au watatu wa hatua ile ile mlo wa zamani, ndipo utajua. Na nyati aliyefikisha siku 90 tangu kuzaa bila joto, ilhali mwili wake ni mzuri na anakula vizuri, asiongezewe kijiko kingine cha madini. Apimwe mji wa mimba na ovari kwa mkono wa daktari au kwa altrasaundi.